Evarista na vitabu vya gemu vilivyofungiwa karanga

Ni saa tisa alasiri, na Evarista Ndunguru anamtazama mwanamume mzima akibonyeza vitufe vyote vya pedi kwa mpigo.

Mwanamume huyo anaitwa Nurdin, kuli wa bandarini aliyetoka zamu ya asubuhi na kupitia hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kupumzisha akili. Kwenye televisheni, bondia wake amesimama ananesanesa tu huku akila ngumi. Nurdin anaongeza kasi ya kubonyeza. Anaipuliza pedi, anaigongagonga pajani, anaigeuza aitazame kwa chini.

"Mama, hii pedi mbovu," anasema.

"Pedi nzima," anajibu Evarista. "Kujikinga ni kitufe cha juu, kushoto. Nilikwambia jana. Na karatasi ya maelekezo hiyo hapo mbele yako."

Nurdin haitazami karatasi. Bondia wake anaanguka, mechi inaisha, naye anatoa mia tano nyingine ili aanze upya.

Evarista anaipokea, anashusha pumzi na kurudi kwenye stuli yake kando ya mlango. "Kazi yangu ndiyo hii," anamwambia mwandishi. "Kutazama watu wanapigwa kwa sababu hawataki kusoma mistari miwili."

Evarista, mwenye umri wa miaka 45, anaendesha kibanda hiki tangu mwaka 2011. Ni chumba chembamba kati ya duka la vitenge na ngazi za ghorofa ambalo ujenzi wake hauishi. Kuna televisheni nne, feni moja, na benchi la mbao la wanaosubiri zamu. Wateja wake ni machinga, makuli, madalali wa mizigo na vijana wa madukani. Mwanafunzi mwenye sare haingii kabla ya saa kumi, na akibisha anaulizwa jina la mwalimu wake wa darasa.

Siku nzuri hukusanya kama shilingi elfu arobaini, kabla hajatoa kodi ya chumba na umeme. Siku mbaya, anasema, ni afadhali usiulize.

Vibanda vya gemu viko vingi Kariakoo, lakini hiki kina kitu ambacho vingine havina. Kwenye rafu juu ya meza ya Evarista, ndani ya mafaili ya plastiki, kuna vitabu vidogo vya maelekezo, vile vilivyokuwa vikija ndani ya boksi la kila gemu zamani. Vingine havina jalada. Vingine vina mabaka ya mafuta. Kimoja kimebaki na kurasa tatu.

Msomaji mwenye umri mdogo pengine hajawahi kukiona kitabu cha aina hiyo. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja, karatasi zake ziling'aa na zilikuwa na harufu ya wino. Kilieleza kitufe gani ni cha nini, lakini kilieleza pia wewe ni nani, adui yako ni nani, na mmegombania nini. Watu walikisoma njiani, kabla hawajafika nyumbani kwenye mashine.

Siku hizi gemu likija na boksi, ndani kuna diski na hewa. Mengi hayana hata boksi, yanashushwa mtandaoni. Maelekezo, kama yapo, yamefichwa nyuma ya kimraba cheusi cha kuskani kwa simu.

"Unaskani, bando linakata," anasema Evarista. "Unanunua bando, unaskani tena, linakuja swali unakubali au hukubali. Unakubali nini? Ukikubali unapelekwa kwenye tangazo la gemu jingine. Na mimi nilitaka tu kujua huyu mtu anarukaje."

Evarista alivijua vitabu vya gemu kabla hajaligusa gemu lenyewe, na kwa miaka mingi vilikuwa ndiyo gemu lake.

Alizaliwa Mbinga, mkoani Ruvuma. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea na shule. Mwaka 1997 shangazi yake alimleta Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa Ravindra na mkewe Madhuben, familia ya Kihindu iliyokuwa ikiishi ghorofa ya pili Mtaa wa Kisutu. Ravindra alikuwa na duka la vipuri vya magari. Mtoto wao Tejas alikuwa na umri wa miaka tisa, na alikuwa na mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kaseti.

Mashine hiyo Evarista hakuruhusiwa kuigusa. Aliruhusiwa kuifuta vumbi. Lakini vitabu vilivyokuja na kaseti Tejas alivitupa chini ya kochi bila kuvifungua, na aliyeviokota kila asubuhi akifagia ni Evarista.

Alianza kwa kutazama picha. Kisha akaanza kuhangaika na maneno, kwa Kiingereza cha darasa la saba ambacho, kwa kauli yake, kilitosha kumsalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa akisoma jikoni, chungu kikiwa motoni. Siku moja dengu ziliungua, na Madhuben akaingia akamkuta na kitabu mkononi.

"Nilijua naondoka," anakumbuka Evarista. "Alikichukua, akakitazama mbele na nyuma, akanirudishia. Wiki iliyofuata aliniletea kamusi. Alisema kama ni lazima niunguze dengu, basi niziunguze nikiwa naelewa ninachosoma."

Tangu hapo nyumba hiyo ikawa na utaratibu wake. Tejas alicheza sebuleni, Evarista alisoma jikoni. Tejas akikwama alipiga kelele kuuliza abonyeze nini, na Evarista akamjibu huku akikatakata vitunguu. Akitaka kujua yule jitu mwenye mabawa ametoka wapi, Evarista alimweleza na hilo pia.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha gemu la mhunzi aitwaye Dorrek. Evarista anakisimulia hadi leo kama mtu anayesimulia habari za jirani. Dorrek aliishi kwenye nchi ya barafu pamoja na dada yake. Goti lake moja lilikuwa bovu, kwa hiyo alichelewa kila mahali. Hakupenda vitunguu. Dada yake alicheka taji la mfalme mbele ya watu, na usiku huo mfalme akatuma askari wamchukue. Dorrek akaingia njiani na nyundo yake kwenda kumtafuta.

Mwaka 2004 familia hiyo ilihamia Leicester, Uingereza. Tejas alisafiri na mashine yake. Vitabu vilikuwa vizito kwa mzigo wa ndege, na Madhuben akamwachia Evarista boksi zima.

Miaka iliyofuata Evarista alifanya kazi kwa mama lishe Ilala, akauza khanga, akaolewa na Melkiori Haule, mchoraji wa mabango ya maduka. Walipanga chumba Magomeni. Boksi la vitabu lilikaa chini ya kitanda, na kila walipohama lilihama nao.

Alipofungua kibanda, jambo la kwanza alilofanya ni kulitafuta gemu la Dorrek. Alilipata kwa fundi mmoja wa Ilala, kaseti yenye ufa, na mashine ya kuichezea. Alifunga mlango, akakaa, akawasha.

"Nilitaka kulia," anasema. "Mtu niliyemjua mimi alikuwa na goti, alikuwa na hasira, alikuwa na dada. Kwenye televisheni kilikuwa kitu chekundu kinarukaruka. Hakisemi neno. Kinaruka, kinaanguka shimoni, kinaanza tena. Nikasema ni huyu huyu niliyeunguzia dengu?"

Hakufika mbali kwenye gemu hilo. Alirudi kwenye kitabu, na kwa hilo hajajuta.

Matatizo yalianza Machi mwaka huu, masika yalipofika na paa la chumba chao cha Magomeni likaanza kuvuja. Evarista alimwomba mumewe asafishe uvungu wa kitanda kabla maji hayajafika. Kulikuwa na boksi la magazeti ya zamani, ambayo Melkiori hutandaza chini anapopaka rangi, na kulikuwa na boksi la vitabu.

Mpaka leo wanandoa hao hawajakubaliana ni maneno gani yalisemwa. Evarista anasema alisema, "Toa boksi la magazeti." Melkiori, ambaye mwandishi alimkuta Ilala juu ya ngazi akichora mkasi kwenye bango la saluni, anasema alisikia maboksi.

"Na hata kama angesema boksi," anaongeza, "yote mawili yalikuwa na karatasi. Mimi sikufungua. Nilibeba."

Aliyabeba hadi Kariakoo kwa mfanyabiashara anayenunua karatasi chakavu kwa kilo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku karatasi ina soko, kwa sababu kila muuza mihogo, kashata na karanga anahitaji kitu cha kufungia. Melkiori alilipwa, akanunua nyama nusu kilo, akarudi nyumbani akiwa na furaha.

Evarista aligundua jioni hiyo, nyama ikiwa imeshaiva. Anasema hakupiga kelele. Alisukuma sahani kando akauliza ni mtaa gani.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa mnunuzi wa karatasi. Magazeti yalikuwepo. Vitabu havikuwepo. Karatasi zake ndogo na ngumu zilikuwa na ukubwa uleule unaotakiwa na wauza karanga, na zilikuwa zimeondoka zote jana ileile, mafungu mafungu. Mnunuzi aliwakumbuka wateja wachache tu. Mmoja wao alikuwa Mrisho, anayeuza karanga za kukaanga kwenye kona ya Mtaa wa Msimbazi.

Mrisho alikuwa ameshavichana vitabu kwenye pini. Kwenye sinia lake kulikuwa na safu za karanga zilizofungwa kwenye karatasi zilizosokotwa, na kwenye kila karatasi Evarista aliona kipande cha kitu anachokijua: bawa, upanga, nusu ya onyo kwamba ukisikia kizunguzungu acha kucheza.

Alimweleza shida yake na kuomba kununua karatasi peke yake. Mrisho alikataa. Mwandishi alipomtembelea, alieleza sababu zake bila kuona aibu.

"Karatasi ndiyo mtaji wangu, dada. Nikikupa karatasi, karanga naziweka mfukoni kwa mteja? Na zile zilikuwa nzuri, mafuta hayapiti, watu walizipenda. Nilimwambia nunua karanga, karatasi utabaki nayo."

Evarista akanunua sinia zima. Alirudi siku iliyofuata akanunua jingine. Mrisho, baada ya kuona mama huyu hana mzaha, alimpeleka kwa wenzake wawili waliochukua mafungu mengine, nao wakafurahi sana kufahamiana naye.

Wiki hiyo kila aliyeingia kwenye kibanda cha gemu cha Mtaa wa Sikukuu alikula karanga, apende asipende. Evarista alikaa kwenye stuli akifungua pembe hizo za karatasi moja baada ya nyingine, akimwaga karanga kwenye beseni na kunyoosha karatasi kwa chupa ya maji ya moto.

Kisha akafanya kosa, na analiita hivyo mwenyewe. Alibandika tangazo mlangoni kwamba atakayeleta ukurasa wa kitabu cha gemu atacheza mechi moja bure.

"Waliniletea kila karatasi iliyopo Dar es Salaam," anasema, akihesabu kwa vidole. "Kalenda. Mtihani wa mtu wa jiografia. Karatasi ya ndani ya dawa ya minyoo. Kijana mmoja aliniletea maelekezo ya friji, na kesho yake mama yake akaja hapa analia, friji jipya halijamaliza wiki. Nikamwambia mama, mimi sijamtuma friji. Akasema tangazo ni la nani? Tangazo ni langu."

Aliliondoa tangazo. Hesabu ilipofungwa alikuwa amepata karibu nusu ya kurasa zake, nyingi zikiwa na mafuta na chumvi. Za kitabu cha Dorrek zilirudi tatu: ukurasa wa vitufe, ukurasa wa onyo, na ukurasa mwingine wa vitufe. Zote kwa Kijerumani, kwa sababu vitabu vile viliandikwa kwa lugha kadhaa na Mrisho hakuwa na sababu ya kuchagua.

Ukurasa wa hadithi, ule wa Dorrek na dada yake, haukupatikana. Mrisho anadhani ulishaliwa. Ana maana kwamba mteja aliununua na karanga zake akautupa.

Nyumbani Magomeni mambo yalikuwa magumu. Melkiori alikuwa ameomba radhi, lakini kwa namna yake ya kuomba radhi huku akikumbusha kwamba maboksi ni maboksi. Evarista alikuwa akimjibu kwa neno mojamoja. Mume alinunua nyama tena, kwa pesa ya bango safari hii, na mke akauliza ameuza nini.

Mwishowe Evarista alimwandikia Madhuben kwenye simu. Wamekuwa wakisalimiana kila Diwali na kila Krismasi kwa miaka yote hiyo. Alimwuliza kama kuna nakala yoyote ya vitabu iliyobaki kwao. Aliyempigia ni Tejas mwenyewe, sasa mtu wa makamo, mfanyakazi wa kampuni ya bima, mwenye watoto wawili. Alimpa shikamoo kwa Kiswahili chake cha Kisutu ambacho hakijapotea, akasikiliza habari ya karanga, akacheka sana. Evarista hakucheka.

Tejas alisema tatizo hilo ni dogo. Vitabu vyote hivyo watu wameshavipiga picha na kuviweka mtandaoni. Kabla hawajamaliza kuongea alikuwa ameshamtumia kile cha Dorrek.

Evarista alikifungua kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kurasa zilikuja nusunusu, herufi kama sisimizi. Alimwambia Tejas kwamba hiki si kitabu. Tejas akasema maneno ni yaleyale. Evarista akasema kitabu si maneno tu, na kwa dakika chache, anakiri, walikuwa wanagombana kama zamani, yeye jikoni na Tejas sebuleni.

Kisha Tejas akauliza swali.

"Dada Eva, goti liko wapi?"

Evarista hakumwelewa. Tejas akasema ameshausoma ukurasa wa hadithi wa Kiingereza mara mbili, na hauna goti. Hauna vitunguu wala taji. Akamsomea. Ulikuwa mfupi: mfalme wa barafu amemteka dada wa Dorrek, shika nyundo yako, mwokoe kabla hujachelewa. Basi.

Evarista alimwambia wamekata. Alimwambia watu wa mtandaoni hukatakata vitu. Tejas akamtumia picha ya jalada, ya pini, na ya namba za kurasa zinazofuatana bila kuruka hata moja.

"Alisema yeye miaka yote alidhani imo kwenye kitabu," anasema Evarista. "Mimi nikamwambia hata mimi najua imo. Nimeisoma. Naona hata mahali ilipokuwa, upande wa kulia, chini ya picha."

Hapo Madhuben, ambaye alikuwa akisikiliza kando, alichukua simu. Alisema yeye hakuwahi kusoma kitabu kile. Lakini alikuwa akiingia jikoni kujifanya anatazama wali, kumbe anataka kujua Dorrek amefika wapi, na hadithi ilikuwa ndefu kila siku kuliko jana. Alisema kamusi aliyomnunulia ilikuwa ndogo mno kuwa na mambo yote yale.

Evarista alikata simu kwa heshima, na anasema alikuwa na hasira kwa siku mbili nzima. Alijisikia kama mtu aliyemsumbua jirani kwa kuku aliyepotea, kisha akamkuta kuku yuko uvunguni mwake. Alifikiria masinia ya karanga. Alifikiria friji la watu.

Siku ya tatu alimwomba Melkiori karatasi, zile nene anazochorea vielelezo vya mabango. Melkiori hakuuliza za nini. Evarista akaketi kwenye kibanda, wateja wakipigana ngumi na kufukuzana kwa magari nyuma yake, akaanza kuandika habari za Dorrek kwa Kiswahili, goti likiwa kwenye mstari wa kwanza.

Alipoona inaandikika, aliiweka kando kidogo akafanya jambo la haraka zaidi. Aliandika kitabu cha maelekezo cha lile gemu la ngumi, ambalo ndilo linaloliliwa zaidi na ambalo lilikuja bila karatasi hata moja. Alieleza vitufe. Halafu, kwa kuwa mabondia wale hawakuwa na habari zozote, akawapa. Mmoja ni fundi bomba anayedaiwa mahari. Mwingine hapigi siku za Ijumaa mpaka aguswe kwanza. Melkiori alichora picha, wakatoa nakala kwa mashine ya steshenari ya jirani, wakabana pini katikati.

Wachezaji, anasema Evarista, hawakukisoma. Walikipepea wakati wa joto. Mmoja alikiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na meza ikatulia.

Waliokisoma ni wale wa kwenye benchi. Wapo watu, na Evarista anawafahamu wote, ambao huingia kibandani bila mia tano na hukaa tu kutazama wengine. Zamani alikuwa akiwafukuza wakizidi. Mwezi Juni aliona vitabu vimehamia kwao. Mwanamke anayeuza maji ya chupa barabarani, ambaye hajawahi kushika pedi, alisimama nyuma ya Nurdin siku moja akamweleza ya kuwa bondia wake hawezi kushinda akicheza hivyo, maana fundi bomba ana hasira za mahari na lazima aachwe achoke kwanza.

"Nurdin alimwambia asimsumbue," anasema Evarista. "Lakini alijikinga. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alijikinga."

Hadi sasa ameandika vitabu vitatu vya magemu ya kibandani. Ametembelea maduka ya diski ya Kariakoo akiomba viuzwe pamoja na magemu. Mwenye duka mmoja alichukua vichache kwa majaribio. Wengine walimwambia hakuna anayesoma siku hizi, na mmoja alimwambia hilo huku akisoma ujumbe kwenye simu kwa muda wote ambao Evarista alikuwa amesimama pale.

Mpango wake ni kuchapisha kitabu cha Dorrek kwa mashine halisi, karatasi ya kung'aa, kabla ya mwaka kwisha. Mchapaji wa Gerezani amemtajia bei ya nakala mia moja ambayo Evarista anaiita ya kikatili, na ameanza kuweka akiba. Tejas ameomba nakala mbili kwa ajili ya watoto wake. Amekubali kwamba atawasomea mwenyewe, kwa Kiswahili, na wakikwama wampigie simu Dada Eva.

Kinachochelewesha kazi kwa sasa ni picha. Melkiori amemchora Dorrek akiwa amevaa kandambili na kofia ya kushona. Evarista anasema nchi ni ya barafu. Melkiori anasema yeye hajawahi kuiona barafu ikiwa chini, na mkewe pia hajaiona, kwa hiyo wasidanganyane. Anasema mhunzi anayemjua yeye ni wa Gerezani, na huvaa hivyo.

Siku mwandishi alipoaga, wawili hao walikuwa wakibishana juu ya ukurasa huo, Melkiori akiwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini na rangi nyekundu mikononi. Walikuwa wanaongea sentensi ndefu. Evarista alishinda kwenye kofia, akashindwa kwenye kandambili.

Bado hajaandika mwisho. Kwenye gemu hajawahi kuufikia, kitabu cha zamani hakikuusema, na Tejas, aliyelicheza miaka mitano, alikuwa akifia kwenye daraja lilelile kila siku. Mwandishi alimwuliza iwapo Dorrek atamwokoa dada yake.

Evarista alitazama michoro iliyosambaa mezani, akaipanga upya, akaweka ya dada juu.

"Dorrek ana goti," alisema. "Amechelewa tangu mwaka tisini na saba. Huyo dada atafungua mlango mwenyewe atoke, wakutane njiani. Mimi nimechoka kumsubiri."